Goti la Kujifunzia

Mwaka 1918, jijini Tokyo, daktari Kenji Takagi alichukua kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo, akakipenyeza ndani ya goti la maiti. Alikuwa na sababu ya Kijapani kabisa. Kifua kikuu cha goti kiliwaacha wagonjwa wake na miguu iliyokakamaa, na katika nchi ambako watu walikula, waliongea na kupokea wageni wakiwa wameketi sakafuni, goti lisilokunjika lilimtenga mtu na maisha ya nyumba yake mwenyewe. Takagi alitaka kuuona ugonjwa ukiwa bado mchanga. Chombo alichokiunda mwaka 1920 kilikuwa na unene wa milimita 7.3, kikubwa mno kwa goti la mtu aliye hai. Kufikia 1931 alikuwa ameupunguza unene huo hadi milimita 3.5.

Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendelea pale mwalimu alipoachia. Alitengeneza darubini moja baada ya nyingine na kuzipa nambari, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 alipoifikia Nambari 21, ambayo hatimaye iliwafaa madaktari wengine pia. Tarehe 4 Mei 1962, akiitumia darubini kama hiyo, alikata na kutoa kipande cha gegedu kilichochanika ndani ya goti la mgonjwa, bila kulifungua goti lenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, daktari kijana kutoka Kanada, Robert Jackson, alikwenda kujifunza kwake. Watanabe alimfundisha darubini, naye akamfundisha Watanabe Kiingereza. Jackson alirudi Toronto na ujuzi huo, na kutoka hapo ukaenea Amerika ya Kaskazini na kwingineko.

Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya chombo. Mhadhara huu unaitazama kutoka upande wa pili, upande wa mikono. Goti la kwanza alilolichungulia Takagi lilikuwa la maiti, ambaye hakuweza kuumizwa. Lakini chombo kilipofika mahospitalini, madaktari wengi waliofuata walijifunzia wapi? Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa moja: walijifunzia kwa wagonjwa, polepole, huku daktari mkuu akiwa amesimama kando. Sanamu za viungo, yaani magoti, mabega na nyonga za plastiki, mpira na povu, zilitengenezwa ili jibu hilo libadilike. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba thamani ya sanamu hizo inategemea makosa yanayohesabiwa juu yake. Kufanana kwao na mwili wa mtu ni jambo la pili. Hospitali za Afrika Mashariki zinaweza kuanza leo kwa kutumia sanamu zilizo duni kwa sura, ilimradi ziwe kali kwa hesabu.

Kwanza ieleweke ugumu wa kazi yenyewe. Goti hukutanisha mfupa wa paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Kati ya mifupa miwili mikubwa hulala vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyoitwa meniski, na katikati hukatiza kano mbili nene zinazoizuia mifupa isiteleze. Mpasuaji hutoboa matundu mawili madogo mbele ya goti, kila upande wa kano iliyo chini ya pia. Tundu moja hupitisha darubini ya milimita 4, na maji ya chumvi husukumwa ndani ili kulitanua goti na kusafisha mwonekano. Tundu la pili hupitisha kifaa cha kazi: ndoano ya kupapasia, mkasi au koleo. Macho hayatazami goti wala mikono. Yanatazama skrini.

Kuna jambo jingine ambalo asiyewahi kushika darubini hiyo halifikirii. Jicho lake haliangalii mbele moja kwa moja. Limeinamishwa nyuzi 30. Daktari akiizungusha darubini bila kuisogeza, picha yote hufagia upande mwingine wa goti. Mkono wa kushoto hushika jicho, mkono wa kulia hushika ndoano, na mikono hiyo inatakiwa kukutana mahali ambapo hakuna mkono unaohisi vizuri na hakuna jicho linaloona moja kwa moja. Ni kazi inayofanana na kutunga uzi kwenye sindano huku mtu akitazama kwenye kioo, isipokuwa hapa sindano imezungukwa na kitu kisichosamehe. Gegedu nyeupe inayofunika ncha za mifupa ina unene wa milimita chache tu na haina mishipa ya damu. Ikikwaruzwa na ncha ya chuma, haioti tena kama ilivyokuwa. Mgonjwa aliyekuja kutibiwa meniski iliyochanika anaweza kuondoka na mikwaruzo ambayo hakuja nayo, na hakuna picha ya eksirei itakayoionyesha siku hiyo.

Ndiyo maana suala la mahali pa kujifunzia ni suala la haki ya mgonjwa, na halipaswi kuachwa kwa bahati ya ratiba ya hospitali.

Wazo la kuuzoesha mkono kabla ya kumgusa mtu ni la kale. Kitabu cha tiba cha India kinachohusishwa na jina la Sushruta kiliwaagiza wanafunzi wajizoeze kuchanja juu ya maboga, matango na matikitimaji, na juu ya mifuko ya ngozi iliyojazwa maji, kabla ya kupewa kisu halisi. Ulaya ilishika njia nyingine kwa muda mrefu: uzuri. Huko Florence, katika karne ya 18, mafundi wa jumba la La Specola waliunda miili ya nta kwa ustadi ambao hadi leo humsimamisha mtazamaji. Mfalme Joseph wa Pili akaagiza karibu sanamu 1,200 za aina hiyo kwa ajili ya chuo chake cha wapasuaji wa jeshi huko Vienna, kilichofunguliwa 1785, nazo zikavushwa milima ya Alps kwa nyumbu. Bado zipo, ndani ya makabati ya vioo. Lakini nta haiguswi. Sanamu hizo zilifundisha jicho na kuuacha mkono bila kazi.

Daktari Mfaransa Louis Auzoux, aliyezaliwa 1797, aliona upungufu huo. Alikanda karatasi kwa gundi na kuunda miili iliyofunguka vipande vipande. Mwanafunzi aliweza kutoa msuli, kuugeuza mkononi, kisha kuurudisha mahali pake. Kiwanda chake katika kijiji cha Saint-Aubin-d'Écrosville, Normandy, kiliuza sanamu hizo mbali sana, hadi Misri, ambako shule ya tiba ya Abu Zabal ilikuwa imefunguliwa mwaka 1827. Uhitaji ulikuwa mkubwa kwa sababu maiti walikuwa wachache na biashara yao ilikuwa imeoza. Mwaka 1828 ilibainika kwamba wanaume wawili wa Edinburgh, Burke na Hare, walikuwa wameua watu 16 na kuiuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Uingereza ilitunga sheria mpya ya anatomia mwaka 1832, na sheria hiyo ikawapa wapasuaji miili ambayo haikudaiwa na mtu, yaani kwa sehemu kubwa miili ya maskini. Historia hiyo haijafungwa. Katika vyuo vingi vya tiba barani Afrika, miili isiyochukuliwa na ndugu ndiyo bado chanzo kikuu cha maiti za kufundishia.

Mkono ulipewa nafasi yake rasmi kwenye meza ya mazoezi huko Uswisi. Mwaka 1958 kundi la wapasuaji, akiwemo Maurice Müller, Martin Allgöwer, Robert Schneider na Hans Willenegger, waliunda chama cha kuboresha tiba ya mifupa iliyovunjika kwa bamba na skrubu. Tatizo lao halikuwa bamba. Bamba zuri likifungwa vibaya huharibu kuliko kutofungwa kabisa, na wao walijua kwamba vyombo vyao vikiuzwa kwa watu wasiofundishwa vitaleta maafa na lawama. Basi Desemba 1960 wakaitisha kozi ya kwanza huko Davos, milimani, ambapo madaktari, wakiwemo wenye vyeo, walisimama mezani wakitoboa na kufunga mifupa kwa mikono yao. Baadaye mifupa ya maiti ikaacha nafasi kwa mifupa ya plastiki. Leo kozi za namna hiyo hufanyika dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo.

Mifupa hiyo ya plastiki inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana wengi huidharau kama vitu vya kuchezea. Kwa kawaida huwa na ganda gumu la nje na povu jepesi la poliurethani ndani, kama vile mfupa halisi ulivyo na gamba zito na kiini chenye matundu. Watengenezaji wanaojulikana zaidi ni wawili: Synbone ya Uswisi, na Sawbones, jina la kibiashara la maabara iliyoko kisiwa cha Vashon, jimbo la Washington nchini Marekani. Povu hutengenezwa kwa uzito tofauti, hivyo mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi mfupa mgumu wa kijana wa bodaboda au mfupa dhaifu wa bibi wa miaka themanini, ambao skrubu huugeuza unga ikikazwa kupita kiasi.

Na kuna somo moja ambalo povu hilo hulifundisha vizuri kuliko maelezo yoyote. Drili inapotoboa mfupa hupita gamba la kwanza, huteleza ndani ya kiini laini, hukutana na gamba la pili, kisha hutoka. Mkono usiozoea husukuma kwa nguvu ileile hadi mwisho, na gamba la pili linapoachia, ncha huruka mbele sentimita moja au mbili. Nyuma ya goti, mahali hapohapo ambapo ncha huruka, hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini. Mwanafunzi aliyeiona ncha yake ikitokeza upande wa pili wa mfupa wa plastiki, mbele ya wenzake, hujifunza kusikia mlio wa drili ukibadilika na kulegeza mkono kabla. Gharama ya somo ni kipande cha povu.

Hata hivyo povu lina ukweli wake na mpaka wake. Kiwango cha kimataifa cha povu la poliurethani, ambacho wahandisi hukitumia kupima skrubu na bamba, chenyewe kinatamka kwamba povu hilo halikusudiwi kuiga tabia za mfupa wa mtu. Ni kitu cha kulinganishia, kinachofanana leo na kesho. Kwa mwalimu hiyo ni faida kubwa: wanafunzi ishirini wanaopewa mifupa ishirini inayolingana wanaweza kulinganishwa kwa haki, jambo ambalo maiti ishirini hawaliwezeshi.

Turudi kwenye goti la darubini. Sanamu ya kujifunzia ina ngozi ya mpira, mifupa ya plastiki, kano, na meniski zinazochomolewa na kubadilishwa zikishakatwa. Je, mazoezi juu ya kitu hicho humfaidi mgonjwa aliyelala mezani, au humfanya daktari awe hodari wa plastiki tu? Madaktari wa Oxford, Howells na wenzake, walichapisha jibu mwaka 2008. Walichukua madaktari 20 waliokuwa wakianza mafunzo ya ubingwa wa mifupa na kuwagawa kwa kura. Kundi moja lilipewa mazoezi ya mpangilio maalumu juu ya goti la sanamu, jingine halikupewa. Kisha kila mmoja alifanya uchunguzi wa goti la mgonjwa halisi chini ya usimamizi, na aliyewapa alama hakujua nani ametoka kundi gani. Waliofanya mazoezi walikuwa bora kwa wazi. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ulivuka mstari ambao tafiti nyingi huuogopa: ulitoka maabara ukaingia chumba cha upasuaji.

Kisha likaja swali zito zaidi: je, inatosha kununua sanamu na kuiweka mezani? Mwaka 2015 Richard Angelo na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya utafiti juu ya bega. Waliwachukua madaktari 44 wa mwaka wa nne na wa tano wa mafunzo, na kazi waliyopewa ilikuwa kushona upya ukingo wa bega uliobanduka, jeraha linalobeba jina la Mwingereza Bankart na ambalo hulifanya bega lichomoke mara kwa mara. Kundi la kwanza lilipata kozi ya kawaida. La pili lilipata kozi pamoja na bega la sanamu. La tatu lilipata bega hilohilo la sanamu, lakini kwa sharti: kila hatua ilikuwa na orodha ya makosa yaliyofafanuliwa kwa maneno yasiyobishaniwa, na mwanafunzi alitakiwa afikie kiwango kilichowekwa na mabingwa ndipo asonge mbele.

Mwishoni wote walipimwa juu ya maiti. Kundi la tatu lilifanya makosa pungufu kwa asilimia 56 kuliko la kwanza. Waliofikia kiwango cha ubingwa katika kundi la kwanza walikuwa karibu asilimia 29. Katika la tatu, karibu asilimia 69. Na kundi la pili, lililokuwa na sanamu bila sharti? Karibu asilimia 37. Tarakimu hizo zinapaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila mkuu wa idara anayeandaa ombi la kununua mashine. Sanamu peke yake ilisogeza watu kidogo. Kilichowasogeza sana ni sanamu iliyoambatana na orodha ya makosa na mwalimu asiyeruhusu kupita.

Mwaka 2017 watafiti wengine wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza chombo cha mazoezi kwa boksi la sigara kubwa na vitu vya dukani, kwa gharama ya dola 44 hivi. Boksi hilo halikuwa na sura ya goti wala kiungo chochote. Lilikuwa na kazi ndogo ndogo za kuvutanisha mkono wa jicho na mkono wa kifaa. Waliojifunzia humo na waliojifunzia kwenye sanamu ya goti walipopimwa juu ya goti la maiti, wote waliwazidi wasiojifunza, na hapakuonekana tofauti ya maana kati yao. Kwa anayeanza, ugumu uko kwenye mikono miwili kukutana. Ramani ya goti anaweza kuipata kwenye kitabu na kwenye sanamu baadaye.

Hapa pana hatari ya kuzisifu sanamu kupita stahili yao. Plastiki haitoki damu. Haina mafuta yanayoziba darubini wala utando uliovimba unaoelea mbele ya jicho. Kwa hatua za juu bado mwili wa marehemu una nafasi, hasa ukihifadhiwa kwa njia aliyoichapisha Walter Thiel wa Graz, Austria, mwaka 1992, ambayo huviacha viungo vikikunjika karibu kama vya aliye hai, tofauti na formalini ambayo huvikausha vikawa kama mti. Nyonga nayo ina somo lake. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walionyesha kwamba kikombe cha nyonga bandia kikiwekwa kwa mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa mbele wa nyuzi 15, kukiwa na nafasi ya nyuzi 10 kila upande, nyonga ilichomoka kwa asilimia 1.5 ya wagonjwa. Nje ya hapo, asilimia 6.1. Fupanyonga la plastiki lililofungwa mezani humfundisha mtu kuzikadiria nyuzi hizo vizuri sana. Lakini mgonjwa halisi amelala kiubavu, amefunikwa shuka, na fupanyonga lake huinama bila kuonekana.

Lipo pia jambo ambalo hakuna sanamu itakayolifundisha, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia: lini kutopasua. Mwaka 2002 daktari Bruce Moseley wa Houston na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wenye goti lililolika kwa uchakavu. Baadhi walisafishwa goti kwa darubini, wengine walikatwa ngozi tu bila kutiwa darubini. Nafuu ililingana. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walifanya jaribio kama hilo kwa watu 146 wenye meniski iliyochanika kwa uchakavu, na matokeo yakaenda njia hiyohiyo. Daktari aliyeshinda mitihani yote ya goti la plastiki bado anaweza kumfanyia mgonjwa upasuaji asiouhitaji, tena kwa ustadi mkubwa. Mafunzo ya mkono yakitengwa na mafunzo ya uamuzi, huzaa mafundi wepesi wa kukata.

Je, hayo yote yanazihusu vipi hospitali za Moshi, Kijabe, Mbarara au Dar es Salaam? Wodi za mifupa za ukanda huu zimejaa majeruhi wa barabarani, na viungo vinavyohitaji mkono wa mpasuaji mara nyingi ni goti lililopasuka uso wa mfupa wa muundi, nyonga iliyovunjika, kifundo cha mguu kilichogeuka. Darubini ipo, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na katika hospitali nyingine kubwa, ila kazi ya kila siku ni bamba, skrubu na waya. Kwa hiyo meza ya mazoezi ya huku haina sababu ya kunakili ile ya Oxford kipande kwa kipande. Mfupa wa ng'ombe kutoka kwa muuza nyama, ukichemshwa na kusafishwa, hupokea skrubu kwa ukweli wa kutosha. Goti la mbuzi lina meniski zake na kano zake. Boksi la mbao lenye matundu mawili, kamera nyembamba ya waya ambayo mafundi wa magari huitumia kuchungulia injini, na simu kama skrini, vinatosha kuanzisha mikono katika kazi ya kukutana. Kamera hiyo hutazama mbele moja kwa moja, haina mwinamo wa nyuzi 30, na mwalimu hana budi kulisema hilo tangu siku ya kwanza.

Sanamu ya kiungo, tena, si ngeni katika ukanda huu. Matibabu ya watoto wanaozaliwa na mguu kifundo kwa njia ya Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa hadi alipofariki 2009, yameenea Uganda, Malawi, Tanzania na Kenya, na nchini Uganda maofisa tabibu wa mifupa ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mafunzo yake hutumia mguu mdogo wa sanamu wenye mifupa inayocheza juu ya nyuzi za mpira. Mwanafunzi huonyeshwa mahali pa kuweka kidole gumba: juu ya kichwa cha mfupa wa talasi, upande wa nje wa mguu. Akikiteremsha kidole hicho hata kidogo tu kuelekea kisigino, kosa ambalo madaktari walilifanya kwa miongo mingi kabla ya Ponseti, mfupa wa kisigino hukwama na mguu hauponi. Kwenye mguu wa mtoto mchanga, mnene na unaorusharusha mateke, mwalimu hawezi kumwonyesha mtu tofauti hiyo. Kwenye sanamu, mfupa unaonekana ukikwama. Hakuna mashine hapo wala umeme, na watoto wengi wanatembea kwa sababu ya somo hilo.

Kuna pia suala la miili, na linahitaji heshima. Katika jamii za pwani na kwingineko ambako marehemu huzikwa upesi, na katika familia nyingi za bara ambako mwili hurudishwa nyumbani kwa wazee, kutoa mwili kwa chuo ni jambo zito. Watu hawapaswi kusukumwa wala kulaumiwa. Lakini kuwaachia maskini wasio na ndugu mzigo wote wa kufundishia taifa zima si haki pia. Kila somo linalohamishwa kutoka kwa maiti kwenda kwenye povu, boksi au mfupa wa ng'ombe linapunguza mzigo huo.

Kikwazo kikubwa hakitakuwa ununuzi wa kwanza. Utafiti mmoja uliochapishwa 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uhaba wa rasilimali, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Goti la sanamu lililoletwa na wafadhili hufa namna hiyohiyo: meniski za akiba huisha, ngozi ya mpira hupasuka, na kitu chenyewe hufungiwa kabatini kwa sababu kimeandikwa kwenye daftari la mali na kila mtu anaogopa kukiharibu. Sanamu ya mazoezi inanunuliwa ili iharibiwe. Idara inayoitaka iandike kwenye bajeti ya kila mwaka vipande vya kubadilisha, na imtafute fundi wa karibu anayeweza kukata meniski kutoka mpira wa ndala au silikoni. Iandike pia saa za mwalimu. Daktari bingwa anayekaa mezani alasiri nzima akihesabu makosa ya wengine hayuko kliniki, na mtu lazima akubali kwamba hiyo nayo ni kazi ya hospitali.

Mwisho ni sheria za mafunzo. John Charnley, aliyeweka nyonga bandia zenye kikombe cha plastiki ngumu katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kuanzia Novemba 1962, kwa miaka kadhaa hakuruhusu ziuzwe kwa mpasuaji ambaye hajafika Wrightington kujifunza. Wengine walimwona mkali. Wagonjwa ndio walionufaika. Nchini Marekani, kuanzia Julai 2013, bodi ya ubingwa wa mifupa ilifanya mafunzo ya stadi za mikono nje ya chumba cha upasuaji kuwa sharti la mwaka wa kwanza wa ubingwa, yakaacha kuwa hiari ya kila hospitali. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, hufundisha ndani ya hospitali za nchi wanachama, hutahini wapasuaji wa mifupa kwa mtihani mmoja, na wanafunzi wake hujaza daftari la kielektroniki la kila upasuaji walioshiriki. Daftari hilo linaweza kuongezewa ukurasa wa mezani: tundu lililotobolewa, ncha iliyoruka, mkwaruzo kwenye gegedu ya plastiki, idadi ya makosa na sahihi ya aliyehesabu. Uamuzi huo hauhitaji mashine hata moja kutoka ng'ambo, na baraza la chuo hicho lina uwezo wa kuupitisha.